Jinsi ya Kujua Giaboksi Iliyo Chini ya Land Cruiser au Land Rover ya Zamani

Pakiti ilifika Goma kutoka Kampala, nikaifungua juu ya boneti mbele ya fundi wangu. Beringi, ringi za sinkro (zinazofanya gia iingie bila kusaga meno), sili, gasketi, kila kitu kipya na kila kitu cha H55F, giaboksi ya Land Cruiser, kama kibao cha gari kilivyosema. Fundi alikuwa ameshaishusha giaboksi na kuilaza juu ya tairi kuukuu. Akachukua beringi moja, akaiingiza kwenye nafasi yake, ikacheza kama kidole ndani ya kopo. Akanitazama.

"Mukubwa, hii bwate si ya hii gari."

Kibao hakikudanganya. Kiwandani gari lilitoka na H55F kweli. Ila kati ya kiwanda na mimi walipita watu watano au sita, na mmoja wao alivunja gia barabarani, akapata giaboksi nyingine kwenye gari lililokufa, akaifunga, akaendelea na safari. Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida. Gari la shirika linauzwa, linapelekwa Masisi kubeba viazi, linarudi, linauzwa tena. Kinachobaki cha kiwanda wakati mwingine ni bodi na namba ya chasi tu.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na karatasi na kuishia chini ya gari. Ukiishia njiani utafanya kosa langu. Nitasema giaboksi ili kila msomaji anielewe. Ukiwa garaji ya Birere au Majengo hapa Goma utasikia bwate ya vitesi, klachi itaitwa ambriyaji, na propela shafti itaitwa kardani. Ni vitu vilevile.

Vitu vya kuandaa

Tochi nzuri, burashi ya waya, petroli kidogo kwenye chupa au mafuta ya taa, kitambaa, chaki, sumaku ndogo (ile ya spika iliyokufa inatosha), na simu ya kupigia picha. Tafuta pia mawe manne ya kabari. Goma mawe hayajawahi kukosekana tangu volkano ya Nyiragongo ilipotuletea mengine mwaka 2002, lakini chagua yenye ubapa, si ya mviringo.

Kwanza: soma kibao

Kwenye Toyota fungua boneti, tazama ukuta unaotenganisha injini na dereva. Kuna kibao cha bati. Mstari wa MODEL una msimbo wa gari, mstari wa ENGINE una injini, na kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Huo ndio unaoutaka. Msimbo wa mbele ni wa giaboksi, wa nyuma ni wa difu. Kama bati limefunikwa na rangi, usilikwaruze kwa bisibisi. Paka petroli kidogo, subiri, futa polepole. Wapaka rangi wetu hupulizia kila kitu, hata kibao, na ukikwaruza kwa pupa unaondoa rangi pamoja na herufi.

Kama mstari huo hausomeki, msimbo wa MODEL bado unasaidia. Chukua HZJ78L-RJMRS, gari ambalo kila mtu Goma amewahi kupanda hata kama hajui jina lake. HZ ni familia ya injini, yaani 1HZ. J ni Land Cruiser. L inayofuata namba ni usukani wa kushoto. M iliyo karibu na mwisho inasema giaboksi ya mkono yenye gia tano. Ingekuwa K, ni gia nne za mkono. Ingekuwa P, ni otomatiki ya gia nne. Angalia mpaka wa habari hiyo: M inakupa idadi ya gia, haikupi jina la giaboksi. Na giaboksi za Toyota zenye gia tano ni nyingi.

Majina yenyewe yana mpangilio. Herufi ya kwanza ni familia. H ndiyo familia nzito ya Land Cruiser. R ni ya kati, utaikuta kwenye Land Cruiser na kwenye Hilux. G, W na L ni za Hilux na ndugu zake. Tarakimu zinabeba idadi ya gia: H41 na H42 zina nne, H55F ina tano, R151F ina tano. F ya mwisho ni alama ya gari linalovuta magurudumu manne. Kwenye Land Cruiser za 70 peke yake unaweza kukutana na H55F, H150F, H151F au R151F, kutegemea mwaka, injini na soko ambalo gari lilitengenezewa.

Pajero pia ina kibao chenye mstari wa TRANS AXLE, na kwenye za dizeli za zamani mara nyingi utasoma V5MT1. Land Rover haikupi raha hiyo. Kibao chake kitakwambia namba ya chasi na uzito, basi. Kwa Land Rover utategemea mkono, macho na mgongo.

Kisha linganisha namba ya chasi iliyo kwenye kibao na ile iliyogongwa kwenye chasi yenyewe. Kwenye Land Cruiser hizi itafute mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu. Zikitofautiana, kibao hicho kimetoka gari jingine, na unaweza kusahau yote uliyosoma. Pia unaweza kuahirisha kununua gari lenyewe, lakini hilo ni la siku nyingine.

Pili: kaa kwenye usukani

Zima injini, kanyaga klachi, pitisha mkono wa gia katika kila nafasi. Usiamini mchoro ulio juu ya kichwa cha mkono wa gia. Kichwa hicho kinafunguka kwa mkono na kinauzwa sokoni kama pipi; nimeona Land Cruiser ya gia nne imevaa kichwa cha gia sita, na mwenye gari anajivunia.

Kwa Land Rover hatua hii inamaliza nusu ya kazi, tena ile nusu ngumu. Hesabu gia, halafu tafuta rivasi iko wapi.

Gia nne, na kuna mkono wenye kichwa chekundu na kitufe cha njano kando: hiyo ni Series, Land Rover za kizazi cha kwanza. Chekundu ni cha kuingiza gia nzito, cha njano unakisukuma chini kuvuta magurudumu manne. Kutenganisha Series III na zilizotangulia, endesha polepole kisha shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili bila kukanyaga klachi mara mbili. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Series II na IIA zina sinkro kwenye ya tatu na ya nne tu, kwa hiyo ya pili itasaga meno na abiria wote watajua. Jaribu mara moja, usirudie.

Gia nne, lakini gari linavuta magurudumu yote manne wakati wote na injini ni V8: hapo una LT95, giaboksi ambayo transfa yake (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) iko ndani ya nyumba moja na gia. Ni nzito kuliko unavyodhani, usiishushe na mtu mmoja.

Gia tano, na rivasi iko kushoto kabisa kisha mbele, jirani na gia ya kwanza: hiyo ni LT77, iliyokuja na One Ten za injini ya silinda nne mwaka 1983, kisha Ninety mwaka 1984 (zote mbili baadaye ziliitwa Defender). Gia tano, na rivasi iko kulia kisha nyuma, chini ya gia ya tano: ni R380, iliyoingia mwaka 1994. Gia sita ni MT82 ya Ford, kwenye Defender za kuanzia 2007. Namba 77, 85 na 95 kwenye majina ya LT ni umbali kwa milimita kati ya shafti kuu na shafti ya pembeni. 380 kwenye R380 ni nguvu ya kuzungusha, kwa Nm, ambayo giaboksi ilitengenezwa kuibeba. Mtu akikuuzia gia za "LT380" mshike mkono umrudishe kwake kwa upole.

Kwa Toyota rivasi haisaidii sana. Gia tano za H na za R zote zina rivasi chini ya tano. Kinachosaidia ni gia ya kwanza. H41 na H55F zina gia ya kwanza fupi mno, ya kupanda mlima na mzigo. Gari likiwa tupu dereva mwenye uzoefu huondokea ya pili, na ukimuuliza kwa nini, hata hajui kama anafanya hivyo. Ukiona gari linalalamika kwa kelele mita tatu tu baada ya kuondoka na ya kwanza, una dokezo. Dokezo tu, si jibu.

Tatu: ingia chini

Weka gari pahali tambarare, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kama unalinyanyua, tumia magogo au stendi, kamwe usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki huzama taratibu kwenye vumbi letu jeusi na hutaona.

Gari lililotoka njia ya Sake au ya Rutshuru wakati wa mvua lina tope lililokauka unene wa kidole juu ya giaboksi. Kwangua, piga burashi ya waya, osha kwa petroli, futa. Sasa tazama umbo kwanza kabla ya namba.

Giaboksi za H ni nyumba moja kubwa yenye kifuniko juu kilichofungwa kwa bolti. Ukifungua kifuniko unaona uma za gia. Za R, G na W zimejengwa kwa namna nyingine: nusu mbili za alumini, ya mbele na ya nyuma, na katikati yake bamba lililobanwa kama nyama katikati ya mkate. Ukiangalia kutoka pembeni utaona mistari miwili ya maungio iliyo sambamba, ikizunguka giaboksi yote, sentimita chache kutoka mmoja hadi mwingine. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa inanitazama siku zote wakati mimi naagiza vifaa vya H55F. Ningelala chini ya gari dakika tano nisingesubiri mwezi mzima gari likiwa juu ya magogo.

Sumaku nayo ina kazi. Nyumba ya H41 na H42 ni chuma cha kalibu, sumaku inanasa. Nyumba ya R ni alumini, sumaku inateleza na kuanguka usoni kwako.

Suzuki ndogo, zile SJ na Samurai, hutazikosea: transfa iko peke yake nyuma, na kishafti kifupi kinaiunganisha na giaboksi. Ni gari rahisi kuliko yote katika habari hii.

Sasa namba. Kuna namba za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Namba zilizoinuka, unazoweza kuzipapasa kwa kidole, zimetoka kwenye kalibu wakati alumini au chuma kinamiminwa. Hizo ni namba za kipande, na kipande kimoja kinaweza kutumika kwenye giaboksi mbili tatu tofauti. Namba zilizogongwa, zilizozama ndani, mara nyingi hazijapangwa sawasawa kama meno ya mtoto. Hizo ni za giaboksi hiyo peke yake. Zilizoinuka zinakupa ukoo, zilizozama zinakupa jina. Piga picha zote, tochi ikimulika kutoka pembeni na si usoni, maana mwanga wa moja kwa moja unafuta kivuli na namba zinapotea.

Kwenye LT77 na R380 namba iliyogongwa iko chini upande wa kulia wa giaboksi. Usiishie kwenye tarakimu. Herufi ya mwisho ni ya maana sana, kwa sababu vifaa vya ndani vilibadilika kutoka herufi moja hadi nyingine. Muuza spea mzuri atakuuliza herufi hiyo kabla hajakuuliza pesa.

Ukiwa bado chini, tafuta dalili za upasuaji. Ule mkono wa chuma unaobeba giaboksi kutoka chasi hadi chasi, una matundu mapya yaliyotobolewa kando ya yale ya zamani? Kardani ina ukanda wa kulehemu uliong'aa, dalili kwamba ilikatwa ikafupishwa? Sakafu ilipasuliwa pale mkono wa gia unapotokea, ikafunikwa kwa raba ya tairi? Ukikuta hata moja, kibao hakina neno tena juu ya giaboksi hiyo. Langu lilikuwa na zote tatu.

Nne: hesabu mizunguko

Hatua hii ni kwa mwenye Land Cruiser ambaye namba zimesagika na umbo halijamtosheleza. Inachukua saa moja na haidanganyi, kwa sababu unahesabu meno yaliyo ndani bila kuyaona.

Kabla ya kushika spana: kwenye Land Cruiser nyingi za zamani, na Land Rover za Series na Defender, breki ya mkono haikamati magurudumu. Inakamata ngoma iliyo nyuma ya transfa. Ukitoa kardani, breki ya mkono imekwisha kazi. Gari litakaa kwa mawe tu. Hakikisha mawe hayo mara mbili, na usifanye kazi hii kwenye mteremko hata kama unaonekana mdogo.

Toa waya hasi wa betri. Chora mstari wa chaki unaopita kwenye flanji (bamba la duara linaloshika kardani) na kardani ili irudi vilevile, kisha toa kardani ya nyuma yote. Legeza breki ya mkono. Weka transfa kwenye H (mwendo wa kawaida, si gia nzito), magurudumu mawili, kwa sababu kwenye Land Cruiser hizi H inazungusha moja kwa moja. Toa bujia za kupasha joto ili injini izunguke bila kubishana. 1HZ ina sita. Weka gia ya kwanza. Piga alama ya chaki kwenye puli ya mbele ya injini na nyingine kwenye flanji ya transfa.

Mtu mmoja anazungusha injini kwa spana ndefu kwenye bolti ya puli, akihesabu kwa sauti. Wa pili yuko chini, anatazama flanji, anapaza sauti kila inapomaliza mzunguko. Flanji ikimaliza mizunguko kumi, simameni. Injini ikiwa imezunguka kama mara 48 na nusu, ni H55F, ambayo gia yake ya kwanza ni 4.843. Ikiwa 43, ni R151F, 4.313. Ikiwa 41 hivi, ni H151F. Kwa giaboksi ya gia nne, 49 na kidogo ni H41. 35 na nusu ni H42. Tulipofanya hivi kwa langu kijana wa garaji alipoteza hesabu kwenye 31 kwa sababu ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) iliyopita na magunia ya makaa, tukaanza upya. Tukapata 43.

Usijaribu kutofautisha hizi kwa gia ya tano. H55F ni 0.845 na R151F ni 0.838, kwa sikio au kwa saa ya dashibodi hakuna binadamu atakayeona tofauti hiyo. Na usitumie hesabu hii kwa Land Rover: transfa zake hupunguza mwendo hata zikiwa kwenye H, na Defender ina difu ya katikati ambayo itakuchezea hesabu yote.

Na oili?

Watu wengi huniuliza kama oili inaweza kutambulisha. LT77 na R380 hutumia oili nyepesi, na LT77 nyingi ukifungua plagi zinatoa oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Series inatumia nzito ya EP90. Lakini kinachotoka ni kile alichoweka fundi wa mwisho, na fundi wa mwisho aliweka kilichokuwa kwenye kidumu. Geuza swali: jua giaboksi kwanza, ndipo uchague oili. Oili nzito ndani ya LT77 inafanya gia ya pili igome kila asubuhi hadi gari lipate joto, na mwenye gari anaanza kutafuta ringi za sinkro ambazo hazijafa.

Tano: kwenda dukani

Nenda na jina la giaboksi, injini, namba zilizogongwa, na kile kipande cha zamani mfukoni. Namba za vifaa vya Toyota zina tarakimu tano, kistari, kisha tano tena. Zinazoanza na 33 ni za giaboksi ya mkono, 31 ni klachi, 36 ni transfa, 41 ni difu. Baada ya kistari, 60 mwanzoni ni ukoo wa Land Cruiser na 35 ni ukoo wa Hilux. Ukiletewa boksi lenye 36 mbele wakati umeagiza ringi ya sinkro ya giaboksi, uliza kabla hujalipa dola zako.

Beringi zina siri yao. Nyingi zimechorwa namba ya kawaida pembeni, mfano 6308, na namba hiyo haijali Toyota wala Land Rover. Zidisha tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04 kwenda juu, kwa tano upate tundu la ndani: 08 mara 5 ni milimita 40. Beringi hiyo unaweza kuipata hata kwa muuza vifaa vya mashine za kusaga mahindi. Ikiwa namba ni ndefu na ina herufi za ajabu, hiyo imetengenezwa kwa giaboksi hiyo tu na lazima uagize.

Yangu ilipofungwa tena, nilichukua rangi nyeupe na burashi ndogo nikaandika R151F ubavuni mwa giaboksi, herufi kubwa, na nyingine kwenye ukuta wa injini chini ya kibao. Fundi alicheka. Wiki mbili baadaye nilimkuta chini ya gari la mtu mwingine, kopo la rangi likiwa kando yake.